Niliwasomea Karatasi Nisiyoiona

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba univumilie, maana nimejaribu kulieleza jambo hili kwa ufupi nikashindwa, na mtu wa kumwambia sina. Kazi yangu ni kuchapa barua na kuwajazia watu fomu, nina kibanda chenye kompyuta moja na mashine ya kutoa kopi mbele ya ofisi za serikali, na kwa kuwa tangu utotoni nilikuwa mbishi na kazi yenyewe ni hiyo ya makaratasi, ukoo mzima unaniita Wakili, na mimi jina hilo nimelivaa kama suti. Kila mteja anayekaa kwenye kiti changu namwambia asitie saini kitu ambacho hajasomewa mara mbili. Hilo ndilo linaloniua kwa aibu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa, muuguzi mstaafu, kwenda kwenye kiapo cha binti yake wa pekee ambaye naye amehitimu uuguzi. Katika chuo kile mzazi ndiye anayempachika mtoto beji kifuani mbele ya watu, na dada alilisubiri jambo hilo miaka mitatu, hata alikuwa akifanya mazoezi ya kupachika pini kwenye mto wa kochi ili asije akamchoma mtoto. Sherehe ilikuwa saa nane mchana, ndege yetu saa tatu asubuhi. Tulipokwisha kukabidhi mizigo uwanjani tukaambiwa safari imefutwa, ila wanaotaka watapanda ndege nyingine itakayotua kwenye uwanja wa mji wa jirani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka tunakokwenda. Karani wa kaunta akanipa mimi karatasi kwa sababu nilikuwa mbele na nilikuwa nikipiga kelele kuliko wote, akasema, "Someni kwanza, mkikubali kila mmoja atie saini hapa chini," kisha akaenda kuhudumia wengine.

Mshauri, miwani yangu ilikuwa ndani ya begi lililokwisha kupelekwa kwenye mizigo, na bila miwani maandishi madogo kwangu ni sisimizi tu. Dada akavua ya kwake, ile yenye kamba ya shanga za waridi, akaninong'oneza, "Vaa hii, au nipe nisome mimi." Abiria kumi na mmoja walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Tulia dada, haya ni mambo yangu." Mzee mmoja mwenye magongo akauliza, "Inasemaje, mwanangu?" Nikaiinua ile karatasi, nikakohoa, nikasema, "Inasema tukishuka tutapokewa na basi la kampuni, litufikishe mpaka kule tunakokwenda." Nililitunga palepale, nikidhani karatasi ya aina hiyo haiwezi kusema kitu kingine. Wakatia saini wote. Dada alikuwa wa mwisho.

Tulitua saa tano na basi halikuwepo. Msimamizi wa kampuni akatuonyesha picha ya karatasi ile ile kwenye simu yake, akatusomea: kwamba sisi abiria tumeomba wenyewe kushukia pale na safari yetu inaishia hapo. Nikabisha, nikagonga meza, saa tatu nzima zikapita tukidai basi nililolizaa mimi kichwani mwangu, ndipo tukatafuta magari wenyewe. Tulifika chuoni saa kumi na moja viti vinakunjwa. Beji ilipachikwa na mkuu wa chuo. Mpwa wangu akamwambia mama yake, "Usijali mama, utanipachika tena nyumbani," na dada akacheka, kisha akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Sasa dada anaamini kampuni iliibadilisha karatasi, na anawaambia ndugu wote jinsi nilivyompigania. Wale abiria wamenichagua niandike barua ya malalamiko kwa niaba yao. Masharti ya tiketi yanataka malalamiko yafike ndani ya siku thelathini, na zimebaki tisa. Nimeianza mara sita nikaifuta, kwa sababu najua kampuni itatoa ile karatasi, na watu wataulizana ni nani aliyewasomea. Jumapili dada aliniuliza nimefikia wapi, nikamjibu nimeshaituma. Je, naweza kuiandika bila kutaja sehemu yangu? Au nimwachie mtu mwingine nikae pembeni? Siku hizi nikienda kwake nakula nimeinamia sahani, nisije nikamtazama machoni.

Ni mimi,
Wakili wa Jina Tu

*

Wakili,

Nimekusoma mpaka mwisho, na nilikuwa nimevaa miwani.

Pole. Aibu uliyo nayo ni ya haki, kwa hiyo sitakupunguzia. Ungevaa ile ya shanga, watu wangecheka nusu dakika na mambo yangekwisha. Uliogopa kuchekwa na watu usiowajua, ukamkosesha dada yako siku yake. Na uongo wa Jumapili ni mbaya zaidi. Kule kaunta hukujua kitakachotokea, lakini Jumapili ulijua kabisa kwamba muda unawaishia wenzako, ukadanganya ili upone wewe.

Sasa sikiliza. Safari ilifutwa na kampuni, si na ninyi. Katika sheria za nchi nyingi, abiria akipelekwa uwanja mwingine kwa sababu hiyo, ni juu ya kampuni kumfikisha palipoandikwa kwenye tiketi yake, na ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajachagua. Uliza mamlaka inayosimamia usafiri wa anga huko kwenu inasemaje. Sitakuahidi ushindi, maana saini si mchezo. Ila hebu fikiria: watu kumi na watatu waliamka asubuhi moja, wote kwa pamoja wakatamani kushushwa mbali na waendako? Ni nani anayeweza kueleza kwamba karatasi ile aliachiwa mtu mmoja bila maelezo, ikakusanya saini zote, na hakuna hata mmoja aliyeisoma? Ni wewe peke yako. Hicho unachokificha ndicho wenzako wanachokihitaji. Kampuni itasema kosa ni lako, na kwa sehemu itasema kweli. Afadhali iseme hivyo juu yako kuliko iendelee kusema kwamba wote waliomba. Habari ya kumwachia mwingine isahau, kwa sababu huyo ataandika ule uongo uliomwaminisha.

Kwa hiyo barua utaiandika wewe, wiki hii. Weka tarehe, saa, alichosema karani na ulichofanya wewe, bila mbwembwe za kiwakili. Ambatanisha tiketi, pasi za kupandia ndege na ujumbe wa kufutwa kwa safari, na udai nakala ya ile karatasi. Dada yako aisome kabla hujaitia saini. Wale abiria wengine waambie ukweli kabla haijatoka, yule mzee mpigie simu mwenyewe. Ukiipeleka, hakikisha wamekugongea muhuri wa kupokea.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, nenda kwa dada yako. Usibebe zawadi, wala usimchukue mpwa wako akukinge. Kwangu umeandika kurasa nne na mimi hukunikosea kitu. Kwake inatosha kusema, "Dada, sikuiona ile karatasi, niliitunga." Ukishasema, nyamaza. Usijitetee, na usilie mpaka ageuke yeye wa kukubembeleza. Akikwambia uondoke, ondoka, kesho urudi. Kwa wiki tatu amekuwa akimsifia kwa ndugu mtu ambaye hakuwepo pale kaunta. Mpelekee yule aliyekuwepo, hata kama hatampenda.