Kona ya Mchoro Wangu

Ijumaa, Mlandege

Sijawahi kumwambia mtu kwamba ule mchoro wa mzizi wa maharage ni wangu. Niliuchora likizo iliyopita kule Uyole, maabara kwa mama mdogo, ambaye kazi yake ni kuchunguza jinsi seli za mimea zinavyopitishiana vitu kwenye vijitundu vyao. Sheria yake ni penseli kwanza, picha baadaye, na jina la mchoraji kwenye kona. Niliandika jina langu.

Mimi ndiye niliyeona kwamba rangi tuliyotia kwenye mzizi ilikuwa imegoma kuvuka kwenda kwenye seli zilizo jirani na jeraha tulilolikata. “We mtoto, macho yako yananishinda,” aliniambia.

Leo amekuja kuzungumza shuleni kwetu. Mchoro wangu ukatokea ukutani, mkubwa, kona imekatwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba siku hiyo aliyeona rangi imegoma ni yeye, peke yake, usiku.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Rehema, ninayekaa naye dawati moja, akaninong’oneza, “Mama yako mdogo ni noma.” Nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa wanakula sebuleni, mama anamsifia. Nimesema kichwa kinauma. Naogopa kumuuliza, kwa sababu akikasirika sitarudi Uyole, na hakuna ninachokitaka kama kurudi kwenye ile hadubini.

Nasikia ndala zake koridoni. Leo analala humu, kitanda cha pili. Kila siku daftari hili nalificha chini ya godoro. Leo naliweka juu ya mto wake, limefunguliwa hapa