Puto la Jeshi na Hitma ya Faraji

Mpwa wangu Rehana,

Huku Ruvuma inapoingia baharini tu wazima, na mikorosho imechanua. Lile puto la jeshi bado linaelea angani kulinda mpaka. Wanajeshi hawalirushi mpaka niwasomee upepo mimi! Ndiyo maana nilimwambia mama yako: "Dada, lile linaona hata sisimizi wa Msumbiji."

Sasa mtumbwi wa kaka yako Faraji umeokotwa mtupu, na dada anakataa hitma. Kila asubuhi analiinulia puto uso: "Mwanangu yuko wapi?" Shehe amechoka kuja, nami nimechoka kusema. Njoo umwambie wewe. Mimi nikimwambia Faraji hayupo tena, ananiuliza, "Wanajeshi wako wamekwambia hivyo?"

Mjomba wako,
Jumanne