Wanataka Kumtoa Dada Kwenye Lebo

Chumba cha kushonea,
Juu ya duka la rangi.
4 Juni

Mpendwa Kaka yangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kama bado hujawa mzima, basi ikukute unaendelea kupona. Lile goti lako vipi? Mwambie wifi asikuache ubebe maboksi kwenye hilo ghala la baridi huku ukijidai kijana. Na watoto, masomo wanayaonaje? Sisi huku miili haijambo. Jino langu limeacha kuniuma. Dada naye anakula, anakoroma, anagombana na mafundi kuhusu kola, kwa hiyo upande huo usiwe na wasiwasi.

Wasiwasi uko upande mwingine. Kaka, humu ndani kuna jambo linapikwa, na mimi sijaonjeshwa.

Mkwe wetu, yule mume wa binti wa Dada mwenye tabasamu la kudumu, ametuletea mtu anayejiita mtaalamu wa chapa za biashara. Ni kijana msafi, viatu visivyotoa sauti, kompyuta kwapani. Siku ya kwanza aliomba maji ya kunywa, na huku anakunywa macho yake yakawa yanatembea kutoka cherehani hadi cherehani. Mtu mwenye kiu ya kweli hutazama glasi.

Hoja yake ni kwamba Dada ni mtu na duka ni duka, nasi tumevikoroga pamoja. Unajua mwenyewe hali ilivyo. Uso wa Dada na miwani yake uko kwenye bango, uko kwenye lebo ya kila sare tunayoshona, na jina lake la utani, Mama Pindo, ndilo jina la biashara. Namba yake ya simu ndiyo ya duka. Ukurasa wake wa mtandaoni anaoweka picha za wajukuu ndio huo huo anaoweka bei za sketi. Sasa huyo bwana anataka Dada abaki na jina lake na ukurasa wake, halafu duka lipewe jina jingine na lebo isiyo na uso wa mtu. Mwisho wa mwezi mkwe atakupigia simu kukuomba neno lako, kwa sababu cherehani ya kwanza ulinunua wewe na Dada hafanyi jambo kubwa bila wewe. Ndiyo maana nimewahi kalamu.

Nisikufiche kilichowafungulia mlango. Mwezi jana Dada alikwenda harusi ya jirani, akarudi amenuna, akaandika kwenye ukurasa wake kwamba gauni la bibi harusi limeshonwa na mtu aliyefumba macho. Alisema kama ambavyo shangazi yeyote angesema. Bahati mbaya mama wa bibi harusi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule ile inayotupa kazi kila mwaka. Sare zikapelekwa kwingine. Mafundi wetu wakashinda wanachezea chaki, na mmoja amesharudi kwao.

Hazikupita siku nyingi, huyo mtaalamu akatokea. Machale yakanicheza.

Tangu hapo, nikiingia wananyamaza. Dada amenunua simu nyingine na kuificha kwenye droo ya vifungo, anadhani sijaiona. Mchora mabango alikuja kupima ukuta wetu kwa futi, nilipomuuliza akasema alikuwa anapita tu. Mtu gani hupita na futi hadi ghorofani? Nikajijumlishia mwenyewe: leo wataondoa uso, kesho wataondoa mwenye uso, na mkwe atabaki anatabasamu peke yake.

Tena nina langu la moyoni. Unaijua desturi yetu kwamba yeyote anayeshika simu hujibu, "Mama Pindo hapa." Ilianza kwa sababu Dada huwa na pini mdomoni na hawezi kuongea, ikazoeleka. Anayeshika zaidi ni mimi, na ndiyo sababu mkanibandika jina la Chiriku. Wateja hunipa vipimo vyao, kisha hunipa habari za waume zao. Nawapa pole, nawatania, nawakemea. Miaka yote hii, Mama Pindo wa kwenye simu ni mimi. Sasa Mama Pindo akitolewa dukani, Dada ataondoka na uso wake. Mimi nitabaki na nini? Swali hilo linanitisha, Kaka, na humu sina wa kumwambia.

Jana nikapiga moyo konde, nikamfuata Dada akipiga pasi kola. Nikamwambia hawa watu wanamwibia jina lake. Hakuinua hata macho.

"Aliyemwita huyo kijana ni mimi," akasema. "Mkwe nilimtuma tu."

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. Ndipo akanieleza. Kumbe kuna mwanamke alimkumbatia msibani akilia, akamshukuru kwa alivyomfariji kwenye simu wakati alipofiwa na mumewe. Dada hajawahi kuzungumza na mtu huyo. Zilikuwa pole zangu. Yeye akasimama pale anapokea shukrani, hajui mikono aiweke wapi.

"Nikinuna mimi, mafundi wanakosa kazi. Ukifariji wewe, nashukuriwa mimi," akasema. "Nimechoka, mdogo wangu. Nataka nizeeke na jina langu, na wewe ujulikane kwa lako."

Nikamuuliza, na simu iliyofichwa je?

"Hiyo ndiyo ya duka. Utakaa nayo wewe."

Mwingine angelia pale pale. Mimi unanijua, niliondoka nikijiuliza kama hayo ni maneno yake au amefundishwa na yule mwenye viatu vya kunyata.

Leo asubuhi simu imeita, Dada yuko pembeni ananitazama. Nikapokea, nikasema, "Karibu, hapa ni chumba cha kushonea, unazungumza na mdogo wake Mama Pindo." Ulimi ulikuwa mzito kama nasema uongo. Mteja akacheka, akasema Mama Pindo leo umeamkia utani. Nikamwambia si utani, ngoja nikupe mwenyewe. Dada akachukua simu, akajitambulisha vizuri kabisa. Kisha nikasikia sauti ya mteja ikipanda hadi nilipokuwa nimesimama: huyu anayeongea yeye hamjui, asichezewe, apewe Mama Pindo.

Dada alianza kucheka, halafu akaacha. Akanirudishia simu, akakaa mbele ya cherehani, na kwa muda mrefu hakukanyaga pedali.

Kwa hiyo, Kaka, barua hii niliianza kichwani ili ukatae, na sasa sikuombi ukatae. Mkwe akipiga, mwambie akupe Dada, umsikilize yeye mwenyewe. Huyo mtaalamu bado simwamini, na tabasamu la mkwe nitaendelea kulipiga darubini. Lakini kuna mtu aliyenyang'anywa jina humu ndani, nami nilikuwa namtafuta mwizi kwa wengine.

Nisalimie sana wifi, mpwa wangu wa kiume na dada yake mpenda hesabu. Mama mdogo anakusalimu, na fundi wa vifungo anauliza kama bado unavaa lile koti. Mungu akulinde wewe na goti lako, akurudishe kwetu ukiwa unatembea.

Ni mimi nikupendaye siku zote, mdogo wako,
Chiriku

Ukipiga simu dukani, sema na mimi kwanza. Nitajibu kwa jina langu. Nafanya mazoezi.