Ukoka Juu ya Ngoro za Mama

Mbamba Bay,
Wilaya ya Nyasa.
2 Julai 2024

Mpendwa Kaka Hyasinti,

Shikamoo. Hamjambo huko Babati? Wifi Beata anaendeleaje, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti na baridi ya Mkumbi, kisha anashika kikapu anakwenda kuchuma kahawa kama kawaida yake.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ya majani imefikia wapi, mtandao ukakata kabla sijajibu. Labda ni heri, maana jambo lenyewe nataka ulisome polepole. Naomba eneo lako la Mkumbi, lile la mteremkoni ulilotengewa ujenge nyumba. Usikasirike kabla hujamaliza barua.

Unakumbuka nilianza na fyekeo, nikisafisha uwanja wa kanisa. Sasa nina mashine ya kusukuma, ya kukatia majani, niliyoipata kwa fundi mmoja Mbinga, na wenye nyumba za wageni hapa ufukweni wananiita mmoja baada ya mwingine. Watu bado wananicheka. Nikipita na toroli limejaa majani wananiuliza ng'ombe wangu wako wapi, nami nawajibu wako njiani.

Lakini Kaka, kuna asubuhi ziwa linatulia na majani yaliyokatwa yananukia, nasimamisha mashine na kusahau nilikuwa naelekea upande gani. Naona mwambao wote kutoka hapa hadi Lipingo umetandikwa kijani mpaka kwenye mchanga, na watoto wanajiviringisha juu yake. Naota mchana kweupe, nami sioni haya kukuambia.

Kukata majani si shida. Shida ni kupata ukoka wa kupanda. Mwezi wa pili niliotesha kitalu kwenye mteremko ulio nyuma ya chumba ninachopanga, kwa ajili ya Mama Herieth wa Lipingo, nesi mstaafu anayejenga vyumba vya wageni. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza. Aliniambia wazi kwamba nikishindwa atamwaga kokoto uwanjani, na majirani zake walikuwa wanasubiri kuona.

Mwezi wa tatu Mama akaja kunitembelea. Nilimwacha nyumbani, nikaenda Lipingo kusawazisha udongo. Unamjua Mama na majani. Aliona mteremko umefunikwa na ukoka, akaona haya kwa niaba yangu. Niliporudi alikuwa ameung'oa wote, ameupanga miraba, ameufukia kwa udongo na kuchimba mashimo katikati. Ngoro safi kabisa, kama zile alizotufundisha tukiwa wadogo. Alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharage ya mbegu.

"Mwanangu, kama umechoka ungesema," akaniambia. "Mvua zinaisha na wewe unalea magugu."

Nilishindwa kumweleza. Nilimshukuru, nikaenda kukaa ziwani mpaka machozi yakaisha. Yeye akapanda maharage yake, akarudi Mkumbi ameridhika.

Ila haraka haina baraka, na safari hii namshukuru Mungu kwa haraka ya Mama. Hakuyaacha majani yakauke kwanza kama desturi inavyotaka, na ukoka ukiuzika mbichi haufi. Baada ya wiki chache ulichomoza kwenye matuta, mraba baada ya mraba, mnene kuliko nilioupanda mimi, kwa sababu mashimo yalishika maji yote. Niliukata vipande, nikaupeleka Lipingo, ukashika. Maharage nayo nimekula.

Mwezi uliopita nilimleta Mama aone. Njiani nilimweleza yote hadi tukafika Lipingo. Akavua kandambili, akatembea kidogo, akakaa, kisha akajilaza ubavu akiangalia maji. "Maisha yangu yote nimeyang'oa," akasema, "sikuwahi kuyalalia." Mara akasinzia, Mama yule asiyelala mchana. Nilikaa kando yake namfukuzia nzi, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo.

Sasa wanaotaka ukoka wamefika hadi Mbinga mjini, na kitalu changu hapa ni kidogo kama leso. Eneo lako lina kijito kwa chini, na ngoro za zamani bado zinaonekana. Mama anasema atazifufua mwenyewe, na safari hii hatapanda maharage. Lakini ardhi ni yako na neno ni lako. Najua utaambiwa dada yako anapanda magugu kwenye kiwanja chako. Ukikataa nitakuelewa, ila nitaumia, sifichi.

Baba mdogo Eusebius anawasalimu sana. Nisalimie Wifi, Melkior na Tereza mdogo. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mwema.

Na siku utakayokuja kujenga, Kaka, usihangaike na bustani. Utaikuta imekwisha kutandikwa, imekosa nyumba tu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Asteria