Pazia Ndani ya Gari la Turbo

Wifi yangu Tumpe,

Kamwene. Najua ungeniitikia kwa Kihehe chako cha kuokoteza, halafu ungekicheka Kinyakyusa changu. Tulibadilishana miji sisi: wewe wa Uyole ukaolewa Kihesa, Iringa, mimi wa Kihesa nikaolewa Uyole, kwenye nyumba uliyozaliwa wewe. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gari nje ya kliniki, mvua inanyesha. Baba yako yuko ndani kwa daktari, na mimi ndiye niliyemleta. Umesikia vizuri. Mimi.

Unakumbuka siku nilipolinunua hili gari jekundu? Kaka yako aliona aibu kulipanda. Sokoni walisema muuza mbegu za viazi ameingiwa na nini, kununua gari la mbio lenye turbo na mlio wa kuamsha mtaa mzima. Mimi wala sikuwasikia, nilikuwa nawaza ekzosi kubwa zaidi na lile bawa la nyuma. Nikalileta Kihesa ulione. Ukalizunguka na tepu yako ya kupimia shingoni, ukasema, "Nguvu linazo, wifi. Linakosa adabu."

Ukaanza kulitia adabu. Kila nilipokuja Iringa nilikuta kikorombwezo kipya kando ya cherehani yako. Vifuniko vya viti, kwa sababu ile ngozi yake asubuhi za Juni ilikuwa baridi kama bati. Kitambaa cha dashibodi, isipasuke kwa jua. Mfuko wa kuning'inia nyuma ya kiti, wenye nafasi ya tochi, glovu na koti la kung'aa. Mto mgumu wa kuinua kiti, kwa mtu mwenye nyonga mbovu. Nilikuuliza mto ni wa nani, ukasema nitamjua. Fundi wangu wa gari alikuwa anacheka kwamba gari la mbio linavalishwa kama bibi harusi. Lakini gari lilipozima kwenye ukungu wa Inyala, nilivaa lile koti nikasimama kando ya barabara, na malori yakaniona. Tangu siku hiyo fundi hacheki.

Halafu ukaleta pazia.

Hapo nilicheka mimi. Pazia la kitenge cha maua ya njano, lenye kulabu za kuning'iniza katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, na pembeni umeshonea kakengele ka mbuzi. Ukanieleza ukiwa huna hata tabasamu. Kwenu mkamwana hamwangalii baba mkwe usoni, hasemi naye, akimwona njiani anapita pengine. Mimi nilikuta hivyo na nikakubali. Miaka yote hiyo mimi na Baba tuliishi boma moja, maneno yetu yakipitia kwa jirani, Mama Gwamaka. Wewe ukasema, "Iko siku atahitaji kupelekwa mahali na wewe ndiye utakuwepo. Akigonga kengele mara moja, anataka kusimama. Mara mbili, unakimbia mno." Nikakujibu kwamba basi italia kuanzia Uyole hadi Iringa. Tulicheka mpaka ukashika mbavu. Nikalikunja pazia, nikaliweka kwenye buti.

Hatukujua kwamba safari yenyewe itakuwa ya kwako.

Presha ilikuchukua ghafla, wifi, hata kuugua hukuugua. Simu ilikuja jioni. Kaka yako alikuwa kazini Mgololo, akaunganisha kwenda Iringa moja kwa moja. Wakwe zako wakasema mazishi ni kesho yake mchana. Baba na ile nyonga yake asingeweza kupanda basi. Gari la kanisa lilikuwa limeenda Tukuyu kwenye msiba mwingine. Mama Gwamaka akaja jikoni akaniambia, "Mzee amekaa kitandani amevaa koti lake. Anasema kama hakuna usafiri, basi atamzika mwanawe kwa kuomba tu." Nililia pale pale, mwiko mkononi. Halafu nikakumbuka buti.

Alfajiri nililitundika pazia. Nikaweka ule mto, na sasa nilijua ni wa nani. Nikaketi kwenye usukani nikitazama mbele, kama ulivyonielekeza, na Mama Gwamaka akamwingiza Baba mlango wa nyuma. Nilimsikia akigusagusa kitambaa. Nilisikia na kengele ikitikisika kidogo, kisha akaishika inyamaze. Kwenye kioo cha ndani sikuona mtu, niliona maua ya njano tu.

Niliendesha kwa heshima zote. Igurusi tulipitwa na malori ya mbao. Chimala tulipitwa na lori la viazi, wifi, mimi na turbo yangu! Niliogopa kumtikisa, niliogopa kengele. Nyuma ya pazia nilisikia analia, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika, na mimi sina ruhusa hata ya kumwambia pole.

Tulipoiacha Igawa, kengele ikalia mara mbili. Nikapunguza mwendo. Ikalia tena mara mbili. Nikapunguza zaidi, karibu tusimame, nikawaza amezidiwa. Ndipo baba yako akafungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwanangu," alisema, "kimbia. Nataka nimwone kabla hawajamfunika."

Kumbe kwake mara mbili ilikuwa kuhimiza. Basi nikakimbia. Usiniulize kwa mwendo gani. Penye vibao vya hamsini nilivaa adabu yako, maana matrafiki na tochi zao za kupimia mwendo unawajua. Palipo wazi nililiachia gari lifanye lililotengenezewa. Makambako, Mafinga, miti ya paini ikirudi nyuma pande zote mbili, na kengele haikulia tena. Nyonga ya Baba ilikaa juu ya mto wako, haikulalamika.

Tulikuta watu wamepanga mstari wa kukuaga. Kaka yako akamshika mkono, wakampisha mbele kabisa. Mimi nilibaki ndani ya gari mpaka alipofika kwako, kisha nikashuka. Aliinama kwako muda mrefu. Sijui alikwambia nini, hiyo ni yenu. Lakini alikuona, wifi. Alikuona uso wako, na ulimfikisha wewe mwenyewe, kwa sindano yako.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia Uyole, mkono wake ulipita pembeni ya pazia ukaweka machungwa mawili kwenye kiti cha abiria. Akanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Nikawasha indiketa tu kama mjinga.

Nyumbani mambo yako vile vile. Nikimwona uani napita nyuma ya jiko, naye anageuka kutazama migomba. Lakini kila tarehe yake ya kliniki inapofika, ananisimulia mambo yenu njia nzima. Safari iliyopita kanisimulia ulivyokata suruali yake ya kanisani ukiwa mtoto, ukaivalisha mbuzi. Mimi baba yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, hilo unalijua. Sikuwahi kuwa na mtu wa kuniambia "mwanangu, umeshakula?" Sasa ninaye, nyuma ya pazia lako.

Kuna kijana anataka kulinunua gari. Alipenda kila kitu chake, akasema nitoe tu hilo pazia la kishamba. Nikamwonyesha njia ya kurudi alikotoka.

Mlango wa kliniki umefunguliwa, anatoka. Ngoja nitazame mbele. Lala salama, fundi wangu wa adabu. Asante kwa mto, asante kwa koti, asante kwa baba. Pazia nitalifua Jumamosi na kulirudisha siku hiyo hiyo, na nakuahidi, mvua zikikatika nitamleta Kihesa akuone. Ukisikia gari linanguruma kule barabarani halafu kengele inalia mara mbili, usiogope. Ni yeye, ananihimiza tufike.

Wifi yako,
Mama Lusajo