Saa Nane ya Baba Mdogo

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka kabla ya simu kulia. Uhasibu, takwimu, kufua wakati wa chakula, masoko mchana, kikundi jioni. Tunaandika mpango wa biashara ya sabuni ya mawese. Mimi ni mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Ratiba nimeichora kwa rangi. Fadhili, mwenzetu wa kikundini, ananiita Bi Ratiba. Leo ameuliza kama kupumua nako nimekupangia muda. Wote wamecheka. Nimecheka pia, nikaendelea kuandika.

Baba Mdogo amepiga kutoka Burundi. Jumamosi anakuja kwetu Mabamba, karibu na mpaka, kumchukua Nyogokuru, bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Anamchukua moja kwa moja. Macho yake yamekwisha, mimi niko huku Kasulu chuoni, nyumbani hakuna mtu. Na mwenyewe anataka kuzikwa kwao, kwenye kilima alichozaliwa. Watavuka mpaka saa nane mchana.

Nimeandika: Jumamosi, saa nane, Nyogokuru. Kwa kijani.

Jumanne, 6 Mei

Jaribio la uhasibu limesogezwa hadi Jumamosi asubuhi. Asiyefanya anarudia somo mwakani. Nimepiga hesabu. Jaribio, basi la Kibondo, bodaboda hadi Mabamba. Nafika saa saba na nusu. Nusu saa inatosha kuaga.

Neno "inatosha" nimelitazama muda mrefu. Sikuhisi kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Leo tumefundishwa gharama zilizozama. Mwalimu anasema fedha iliyokwisha kupotea usiifuate, maana utapoteza na iliyobaki. Nimeelewa kabla ya wenzangu. Nimefurahi, mara ya kwanza wiki hii.

Kwenye foleni ya chakula nimekumbuka redio ya Nyogokuru. Ilishika Burundi tu, hakutaka stesheni nyingine. Tulikula mchana redio iliposema saa saba, na shuleni kengele ya saa nane ilikuwa imeshalia. Nilichapwa kwa kuchelewa. Yeye alisema shule ndiyo ina haraka.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio nimefanya. Basi limepasuka tairi tulipopita Makere. Tumekaa juani, kondakta akiazima jeki kwa kila lori. Kibondo nimefika saa nane kasorobo. Kutoka hapo hadi Mabamba ni karibu saa nzima, na barabara ina matope.

Baba Mdogo hapatikani. Simu ya Mama Deni, jirani yetu, imezimwa. Nimesimama stendi. Dereva wa bodaboda amesema, "Panda, dada, tutafika." Nimemuuliza saa ngapi. "We panda, kufika tutafika tu."

Hilo si jibu. Nimejiambia: gharama iliyozama. Jioni kuna kikao cha kikundi. Nimepanda gari la kurudi Kasulu.

Kikaoni nimemtangulia Fadhili. Tumemaliza bajeti ya sabuni.

Jumapili, 11 Mei

Mama Deni amepiga baada ya ibada. Nyogokuru alikaa juu ya begi lake hadi saa tisa. Baba Mdogo alikuwa anasema saa ya kwao. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Nane yake ni tisa yetu.

Nimekulia katika nyumba yenye saa hizo mbili. Ningefika.

Kila pikipiki ikisikika alisema, "Araza." Anakuja. Mama Deni hakunilaumu. "Tulimwambia, mama, mtoto ana mitihani. Akasema najua ana mitihani, lakini araza. Mpaka wakampandisha."

Nimemshukuru. Nimepiga pasi nguo za wiki nzima. Machozi sina. Hasira sina. Nimekula ugali wa muhogo, nikashtukia sahani iko tupu.

Jumatatu

Uhasibu. Takwimu. Masoko.

Jumatano, 14 Mei

Jaribio nimefaulu, nimekuwa wa pili darasani. Fadhili ameniwekea karanga kwenye dawati. Hakutania. Sijui nani amemwambia.

Jioni Baba Mdogo amepiga, akampa Nyogokuru simu. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga tangu Jumapili. Ameniuliza nimekula nini. Nikasema maharage. Akauliza kama yaliiva. Nikasema yaliiva. Nyuma yake nilisikia redio.

"Huko kwenu ni saa ngapi?"

"Saa mbili, Nyogokuru."

"Hapa ni saa moja," amesema. "Bado mapema. Kaa tuongee."

Kipindi cha kujisomea kilikuwa kimeanza. Wenzangu walikuwa wananipita na vitabu.

Nimekaa.