Pai Niliyompelekea Bi Verna

Tessa,

Bata mzinga yumo kwenye oveni, usimchungulie kila dakika. Menya viazi. Nimetoka kidogo.

Mwanangu, sielewi kitu. Ulipokuwa umelala, Bi Verna, yule dereva wa basi lako la shule, alibisha hodi akarudisha bakuli letu. Akanishukuru kwa pai ya maboga na kadi nilizompelekea jana. Pai gani? Kadi yenyewe, aliyonionyesha, ina jina langu na mwandiko wako: “Asante kwa kumtunza binti yangu.” Nikabaki nacheka kama zuzu. Ndipo akaniambia kwamba tangu mama yako afariki, akishawashusha wenzako wote, anakuzungusha na basi mpaka umalize kulia, ndipo akulete nyumbani. Na mimi miezi yote hii najua unachelewa kwa mazoezi ya kwaya!

Akasema sikukuu ya leo anakula peke yake. Nami kwa kuchanganyikiwa nikamwambia haya, kwaheri, nikafunga mlango! Basi nimemfuata. Weka sahani ~~mbili~~ tatu. Kiti cha mama yako ~~usikiguse~~ atakikalia yeye.

Lakini si ungeniambia, Tessa? Mimi mwenyewe hulilia gerejini, nikishafungulia redio.

Baba